Nilikuwa naangalia mbele kabisa na sikumwona: simu ya Bluetooth na akili ya dereva

Swali limetoka kwa dada mmoja anayekaa Kasarani na kufanya kazi Westlands, nalifupisha kidogo: "Mwalimu, mimi nikiendesha sishiki simu, natumia Bluetooth ya gari. Wiki jana saa moja jioni nilikuwa kwa ile barabara ya pembeni ya Thika Road pale Roysambu, naongea na bosi wangu kuhusu ripoti. Mama mmoja akatokea mbele ya matatu iliyosimama, amebeba gunia la sukuma. Nakuapia nilikuwa naangalia mbele, lakini sikumwona mpaka watu wa steji wakapiga nduru. Gari ilisimama bampa imegusa gunia. Tangu siku hiyo silali vizuri. Je, niende nipimwe macho? Na mume wangu ni dere wa teksi za apu, simu ndio ofisi yake, yeye afanye nini?"

Dada, pole sana, na tushukuru Mungu kwa hao watu wa steji. Nimesoma swali lako mara tatu manake watu wengi wanapitia hii kitu na hawasemi, wanaendelea tu na safari wakidhani ni uchovu ama ni yule mtu wa miguu aliyejirusha barabarani.

Kupimwa macho nenda, kama imepita miaka miwili hujapimwa ni vizuri, haswa kama usiku unaona taa za magari zinatawanyika. Lakini sidhani shida iko hapo. Macho yako yalimwona yule mama na gunia lake. Mwenye hakumwona ni wewe.

Nieleze vile inaenda. Macho yanaleta picha kila saa, picha nyingi kuliko zenye kichwa kinaweza kufanyia kazi, kwa hivyo akili inachagua. Sasa wewe unaongea na bosi kuhusu ripoti. Ile ripoti unaiona kichwani, unatafuta ile hesabu ilikuwa ukurasa gani, unasikiliza sauti yake kama amekasirika ama hajakasirika, na huku unatayarisha utajibu nini akimaliza. Hiyo kazi yote inakula nafasi ile ile yenye ungetumia kuona barabara. Mikono iko kwa usukani, uso uko mbele, mtu akikuangalia kutoka nje atasema huyu dereva yuko makini kabisa. Kumbe uko ofisini.

Hii si maneno yangu tu. Mwaka 1997 huko Toronto, Canada, watafiti wawili, Redelmeier na Tibshirani, walichukua madereva 699 waliokuwa na simu na waliopata ajali, wakaangalia rekodi za simu zao dakika kwa dakika. Wakakuta ukiwa kwa simu hatari ya kugonga inapanda mara nne hivi, na wale wa kuongea bila kushika simu hawakuonekana kuwa salama kuliko wale wa kushika. Mwaka 1997, fikiria, kabla hata wengi wetu hatujashika simu ya mkononi. Shirika la Afya Duniani, WHO, mpaka leo linasema hivyo hivyo, mara nne, na kwamba kuongea bila kushika hakusaidii sana. Alafu 2003 David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah wakaweka watu kwa mashine ya kuigiza udereva, wanaongea na simu bila kuishika, na kuna kifaa kinafuata macho yao yanatua wapi. Baadaye wakawauliza kuhusu mabango ya njiani. Hata bango lenye macho yalitua juu yake kabisa, mara nyingi mtu hakumbuki kuliona. Ukisoma hiyo ndio unaelewa Roysambu yako.

Mimi nafundisha udereva hapa Nairobi huu ni mwaka wa kumi na tisa, na kuna jaribio huwa nafanya na mwanafunzi akishazoea gia. Namwambia tupite barabara moja ya mtaa yenye bampu tatu, mara ya kwanza kimya, mara ya pili namuuliza hesabu. Umetoka na elfu mbili, umenunua unga pakiti tatu, sukari kilo mbili, mafuta lita moja, nampa na bei, unarudi na ngapi? Anaanza kupiga. Usukani anaushika vizuri, mguu uko sawa, lakini mimi namwangalia macho. Shingo inakauka. Vioo vya pembeni haviangaliwi tena, mboni zinakaa mahali pamoja kama mtu anaota akiwa macho wazi. Tukishafika kwa kona namuuliza, ule mkokoteni tumeupita ulikuwa na mitungi ya rangi gani? Na jibu lenye napata mara nyingi sana ni, "Mkokoteni gani, mwalimu?" Mkokoteni wenye mitungi ya njano imepangwa mpaka juu, mita mbili kutoka kwa dirisha lake, na mwenye anauvuta amepiga kelele ya kuomba njia. Wengine wanabisha, mpaka turudi nyuma waone.

Sasa weka mwendo hapo. Ukiwa na kilomita 50 kwa saa, ambayo ndio kikomo cha mjini, gari inakula karibu mita 14 kila sekunde. Zile Nissan zetu za abiria 14 moja haifiki mita tano kwa urefu, so kila sekunde yenye akili yako haipo umepita karibu matatu tatu zilizosimama zimefuatana. Na mguu wenyewe ukishaona hatari unahitaji kama sekunde moja na nusu ndio ufike kwa breki. Yule mama wa sukuma alikuwa na hatua mbili.

Na kuna jambo lingine linaniuma kwa vile halijulikani. Ukikata simu akili hairudi hapo hapo. Watu hao hao wa Utah walipima 2015 mifumo ya kuamrisha gari ama simu kwa sauti, ile ya kusema piga kwa fulani, andika meseji, wakakuta ile mibaya zaidi inaacha mtu amechanganyikiwa mpaka sekunde 27 baada ya kumaliza. Sekunde 27 kwa mwendo wa 50 ni karibu mita 375. Yaani umekata simu, unajiambia sasa niko sawa, na bado unapita steji nzima na watu wake ukiwa nusu.

Mtu atauliza, mbona kuongea na abiria ndani ya gari si shida hivyo? Ni kwa sababu abiria anaona. Mkifika mahali pa moto, lori limekata mbele, abiria mtu mzima ananyamaza mwenyewe ama anasema "ng'ang'ana na huyo kwanza." Bosi wako aliye Westlands haoni matatu. Anaendelea kuuliza, na wewe kwa heshima unaendelea kujibu.

Nitakwambia yangu pia manake sitaki ufikirie nakusomea tu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natoka kwa darasa la jioni, niko karibu na Muthaiga, simu ikaponyoka kutoka kwa paja ikaingia pale kati ya kiti na handibreki, ikaanza kuita. Nikaingiza vidole viwili, naisikia inatetemeka kwa kucha lakini haitoki, nikainama kidogo tu, kidogo sana, nikainua kichwa pikipiki imesimama mbele yangu. Jamaa wa boda alivunjika mguu chini ya goti. Nilikaa naye hospitali mpaka saa tisa usiku, mke wake amekuja na mtoto mgongoni amelala, na hakunitukana, aliniuliza tu, "Ulikuwa unafanya nini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Simu yenyewe ilikuwa namba ngeni, na hakuwahi kupiga tena. Yule jamaa anachechemea mpaka leo. Kuanzia hapo simu yangu haikai mbele ya gari.

Sasa tukuje kwa meseji, ambazo najua hukuniuliza lakini Nairobi ndio ugonjwa mkubwa. Watu wa Virginia Tech huko Marekani waliweka kamera ndani ya malori yanayofanya kazi kawaida, na 2009 wakatoa matokeo: mtu anayeandika meseji macho yake yako nje ya barabara sekunde 4.6 katika kila sekunde 6, na hatari inapanda mara 23. Kwa kilomita 80, ambayo ni kikomo cha matatu na malori yetu kwa barabara kuu, hizo sekunde 4.6 ni zaidi ya mita 100, umepita uwanja mzima wa mpira ukiwa umefunga macho. Na huku kwetu si meseji tu. Kuna mtu anatuma M-Pesa akiwa kwa mzunguko, kuna mwenye anarekodi sauti ya WhatsApp ya dakika nne, kuna wale wa mkutano wa Zoom akiwa kwa Waiyaki Way, simu imesimamishwa kwa dashbodi kamera iko wazi na wenzake wote wanaona anaendesha na hakuna hata mmoja anasema subirini huyu afike kwanza. Hiyo naomba sana, kama wewe ndio unaitisha mkutano na unaona mtu amefunga mkanda wa gari, mtoe.

Najua utasema kwa jam si mbaya. Hapana dada, kwa jam ya Nairobi ndio kuna watu wengi katikati ya magari kuliko mahali pengine popote. Muuza njugu yuko kati ya leni mbili, boda zinapita kushoto na kulia, mtu wa maji amesimama mbele ya bampa anatafuta chenji, na gari yako ya otomatiki ukiachilia breki kidogo tu inajivuta yenyewe. Ukiinamisha kichwa kusoma kitu, ukasikia wa nyuma anapiga honi, unakanyaga mafuta kabla hujaangalia ni nani yuko mbele. Hiyo honi ya nyuma imeumiza watu wengi.

Kuna ile faini ya shilingi 2,000 ya kutumia simu gari ikitembea, iko kwa kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016. Ni sawa kuwa nayo, lakini nafikiri imetufundisha vibaya kidogo. Polisi anachoweza kuona ni mkono, so sisi tukaelewa kwamba kosa ni mkono, tukanunua Bluetooth tukatulia. Polisi hana namna ya kuona kichwa chako kiko wapi. Hiyo ni yako wewe.

Ufanye nini basi. Kazi kubwa unaifanya gari ikiwa bado imesimama, manake simu ikishaanza kuita na unaona jina la bosi, hapo hakuna mtu ana nguvu ya kukataa, hata mimi sina. Kwa hivyo toa huo uamuzi kwa barabara kabisa. Kabla hujatoa handibreki, weka ramani, weka redio yenye unataka, panga kiti na vioo, piga zile simu za kupiga, alafu weka simu kwa hali ya kuendesha. iPhone zina hiyo tangu 2017 na simu nyingi za Android zina kitu kama hicho ama hata ile ya usisumbue tu, na unaweza kuandika jibu lijitume lenyewe: naendesha, nitakupigia nikifika. Ikishawekwa, ingia nayo kwa mkoba, funga zipu, mkoba kiti cha nyuma. Siku tatu za kwanza utahisi umesahau kitu nyumbani. Inapita.

Kama kuna jambo haliwezi kungoja, mgonjwa ama mtoto shuleni, ingia petroli stesheni, zima injini, ongea mpaka muishe. Usisimame kwa ukingo wa Thika Road na usithubutu kwa Expressway. Na ukimaliza, kaa kama nusu dakika kabla ya kutoka, tazama watu wanajaza mafuta, acha akili irudi kwa gari. Wanafunzi wangu huona hii ni kupoteza muda, mimi naona ndio nusu dakika ya bei rahisi kuliko zote.

Mtoto akiangusha chupa ya maziwa nyuma, iache ianguke, alie. Mahindi choma yangoje nyumbani. Redio ya kawaida haina neno, isipokuwa kama ni mechi ama mjadala wenye unakupandisha damu, hiyo punguza ukifika penye watu.

Na bosi. Ongea naye mchana, ana kwa ana, mwambie kati ya saa kumi na mbili na saa moja na nusu niko kwa usukani, sitashika, na umwambie kwa nini, mwelezee gunia la sukuma. Wengi wakisikia wanaelewa, na wengine wanaanza kujiangalia wenyewe. Nyumbani pia muwekeane sheria moja, ukipiga simu neno la kwanza ni "uko kwa usukani?" na kama jibu ni ndio, unakata wewe mwenye umepiga. Hapo hapo, bila "dakika moja tu." Mwenye kupiga simu ana sehemu yake kwa hii ajali, na sisi huwa tunamwacha nje tukihesabu makosa.

Sasa mzee wako. Kwake simu haiwezi kwenda kiti cha nyuma, nakubali, na siwezi kumwambia akae na njaa. Lakini kuna mengi anaweza kupunguza. Simu ikae kwa kishikio kilichokazwa vizuri pale karibu na tundu la eisii, usawa wenye macho yanateremka kidogo tu na kurudi, isiwe kwa paja na isiwe katikati ya kioo ikimziba. Njia aisikilize kwa sauti, na aangalie ramani yote kabla ya kung'oa, ajue ni Outer Ring ama ni Jogoo Road, ndio kule mbele isimshangaze. Kazi mpya ikiingia akiwa na mteja ndani na gari inatembea, hapo ndipo kuna mtego, kile kimlio na zile sekunde za kuhesabiwa zinamfanya mtu anyooshe kidole akiwa katikati ya mzunguko. Afadhali iende. Amshushe mteja, atafute mahali pa kuegesha, angoje kazi akiwa amesimama, na kwa njia hiyo hata mafuta hayaishi akizunguka bure. Ile simu ya mteja ya "uko wapi?" nayo aiwahi: kabla hajatoka kwenda kumchukua atume ujumbe alioandika tayari, nimeanza safari, sitashika simu njiani, nitakupigia nikifika getini. Wateja hawakasiriki, wanakasirika tu wakiachwa kimya. Na ukiwa wewe ndio mke, ukitaka kujua amefika wapi, mtumie meseji na ungoje.

Kwa watu wa boda hii ni ngumu zaidi, nawaona na simu imesukumwa ndani ya helmeti imebana sikio, anaongea na mteja akipita katikati ya malori mawili. Ukiwa umepanda, mguse bega umwambie asimame aongee. Atasimama.

Hata kwa matatu tunaweza kusema kitu. Mnakumbuka zile stika za Zusha? Zilikuwa zinabandikwa ndani ya matatu kuambia abiria wasinyamaze dere akiendesha vibaya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Habyarimana na Jack, walizipima hapa Kenya, na matokeo ya 2015 yalionyesha kwamba kwa matatu zilizowekwa stika madai ya bima yalipungua kati ya robo na theluthi. Stika tu, na mdomo wa abiria. Kwa hivyo ukiona dere ana simu sikioni na mkono mmoja uko kwa gia, sema, "Dere, tafadhali maliza simu kwanza." Wa kwanza kusema anasikia aibu kidogo, lakini nimeona mara nyingi wa pili na wa tatu wanaingia haraka sana.

Kuhusu kukosa usingizi, hiyo ni kawaida baada ya kitu kama hicho, kichwa kinarudia picha. Ikiendelea wiki kadhaa ongea na mtu wa ushauri nasaha, usijikaze. Na nakuomba ufanye kitu kimoja. Jumamosi hii saa moja jioni, nenda Roysambu kwa miguu, wewe na mzee, msimame pale steji kwa upande wa wale wanaouza mboga, dakika kumi tu. Usiangalie magari, angalia nyuso za madereva wakipita kwa mwanga wa taa. Utaona mwenye macho yake yanakugusa, na utaona mwenye anakuangalia moja kwa moja na midomo yake inatembea. Alafu mngoje mpaka yule mama wa gunia avuke, kama bado anapita hapo, mumsalimie.